Kitanda cha Dirishani

Katandala, pale lami inapochoka na kuliachia vumbi kazi, umesimama mnara wa simu, na chini ya mnara lipo benchi, na juu ya benchi wapo wanaume ambao wake zao huko nyumbani wanasema, "Amekwenda kuhangaika." Asubuhi hiyo ya Desemba ukungu ulikuwa umeshuka ukaumeza mnara mpaka kiunoni, ikabaki miguu minne mitupu kama ya mtu aliyekwama kwenye fulana. Bibi Fransiska alikuwa amekwisha washa jiko. Birika lake lilitoa moshi, midomo ya watu ikatoa moshi, na asiyejua angedhani mtaa mzima unachemka. Mwalimu Cleophas, mkuu wa Shule ya Sekondari Lyangwa, alikaa mwisho wa benchi upande unaopigwa na upepo. Si kwamba anapenda upepo. Simu yake ilishika mtandao pale tu, akisogea shubiri moja mtandao unakimbia. Kidole chake cha shahada, kilichoshika chaki miaka thelathini, kilikuwa kinaelea juu ya kioo cha simu kama nzi asiyejua atue wapi.

— Wamefika thelathini na moja, — alisema.

— Wanafunzi? — aliuliza Fabiani.

— Waliotembelea tovuti. Inahesabu yenyewe. Jana walikuwa kumi na tisa.

Fabiani hutengeneza baiskeli hapo hapo mbele ya benchi. Kwa kuwa aliwahi kumshikia tochi fundi wa mnara siku moja, wanamwita Injinia, naye anaitika bila haya.

— Thelathini na moja kwa siku nne! Mwalimu, hilo ni gulio.

— Na kati ya hao wewe umeingia mara ngapi? — aliuliza Bibi Fransiska bila kugeuka.

— Mimi? Kidogo tu. Naingia kuangalia kama bado ipo.

— Mara ngapi, Injinia?

— Tuseme kumi na nane. Lakini kila mara niliingia kwa nia tofauti.

Habari yenyewe ilianza mwezi wa kumi, kwenye kikao cha bodi. Lyangwa ni shule ya wazazi. Waliijenga wenyewe, tofali kwa tofali, na mwaka uliopita walioingia kidato cha kwanza walikuwa kumi na mmoja. Mwenyekiti wa bodi, mtu mwenye tumbo na maneno machache, alisema hivi: Januari wasipotimia thelathini, madarasa yatafanywa ghala la mahindi. "Mahindi hayatoroki," alisema, "wala hayaulizi mwalimu wa fizikia yuko wapi." Wajumbe wakacheka. Cleophas hakucheka, maana alikuwa ameona kwamba mwenyekiti naye hacheki. Mpaka asubuhi hii ya ukungu majina yaliyoandikwa yalikuwa kumi na saba, na Januari ilikuwa imebakiza wiki tatu.

Mjumbe mmoja ndiye aliyesema shule za siku hizi zina tovuti. Macho yote yakamwendea Cleophas, kwa sababu moja tu: ndiye mwenye simu pana. Kuprogramu hajui. Kuchora hajui, hata ng'ombe wake wa ubaoni wanafunzi walimwita kiti. Somo lake ni kilimo. Akampigia Wilibrodi, mwanafunzi wake wa zamani aliyeko Dodoma, na Wilibrodi akamwambia asihofu. Zipo tovuti zilizokwisha kujengwa, tena za bure. Unachagua moja, unabadilisha maneno na picha, kazi imekwisha. Ni kama kuhamia nyumba yenye vyombo vyake.

Alichosahau kusema Wilibrodi ni kwamba kwenye nyumba ya namna hiyo si kila chombo kinakubali kutolewa nje.

— Vile vitanda vya kwenye picha vimetoka? — aliuliza Injinia.

— Bado.

— Leo Jumanne, Mwalimu. Ulisema Jumamosi.

— Nilibonyeza pale penye pipa la taka. Vitanda vikabaki, likaondoka jina la shule.

— Sasa shule haina jina?

— Nimelirudisha. Limekaa chini ya kantini.

— Lyangwa tuna kantini?

— Ilikuja nayo.

— Fanya utakavyofanya, — alidakia Beda kutoka katikati ya benchi, — lakini ile sala usiiguse.

Beda ndiye Balozi. Hajawahi kuvuka mpaka wa nchi yoyote. Alikuwa balozi wa nyumba kumi, enzi hizo nyumba zikiwa kumi kweli, na kabla ya hapo, akiwa mtoto mdogo, alihudumu altareni misa ilipokuwa ya Kilatini. Jambo hilo hulitaja kila panapotokea nafasi, na pasipotokea huitengeneza. Basi ile tovuti, kama zilivyo nyingi za namna hiyo, ilikuja na maneno ya kujazia, yasiyo na maana yoyote, yamewekwa tu kushika nafasi mpaka mwenyewe alete ya kwake. Wengine huyafuta. Lakini siku Cleophas alipoyaleta kijiweni akauliza ni lugha gani hii, Balozi alivua kofia.

— Hiki ni Kilatini, — alisema siku hiyo. — Tazama hapa: dolor. Dolor ni mateso. Hii ni sala ya Mama wa Mateso.

— Kwenye tovuti?

— Aliyeijenga ni mtu wa dini. Ameibariki kabla hajaiuza.

— Ni ya bure, Balozi.

— Ndiyo maana akaibariki.

Na Cleophas, mtoto wa Kaengesa aliyekulia kwenye kengele ya misheni, si mtu wa kufuta sala kwa sababu tu haielewi. Tena akili yake ya kilimo ilimwambia jambo jingine. Mkulima wa Ufipa haanzi kwa kupanda. Analaza nyasi, anazifunika kwa udongo, tuta linakaa na mvua mpaka majani yaoze chini kwa chini, ndipo ulezi uje kuota juu yake kwa nguvu. Labda na maneno haya ni majani ya chini. Akayaacha yalivyo. Aliongeza neno moja tu mwishoni, kwa kidole chake mwenyewe: Amina. Hiyo ndiyo Historia ya Shule ya Lyangwa hadi leo, aya tatu na Amina.

— Mimi hao thelathini na moja wananitia shaka, — alisema Balozi, akipokea kikombe. — Toa kumi na nane za Injinia.

— Na mimi nimeingia mara nne, — alisema Cleophas.

— Wanabaki tisa. Hao tisa wameingia saa ngapi?

— Haisemi saa.

— Mnaona! Haisemi saa. Mtu anaingia kwenye jengo la watu, saa haijulikani, mlango haukulia, Sumbawanga hii hii. Mnataka nimtaje?

— Balozi, tafadhali usianze, — alisema Cleophas. — Kuna watu huko nje wakisikia Sumbawanga tu wanapandisha miguu juu ya kiti. Tovuti hii naiandika ili waishushe.

— Basi waandikie wazi: uchawi hapa ulishatupwa zamani, jina lenyewe la mji ndilo linalosema: sumba wanga, tupa uchawi.

— Ukimwambia mgeni kuwa nyumba yako haina nyoka, — alisema Bibi Fransiska, — hatalala.

Injinia alifuta mikono yenye grisi kwenye suruali, ishara kwamba sayansi inakuja.

— Wale tisa si watu. Ni mashine. Kuna mashine zinazunguka dunia nzima usiku na mchana zinachungulia tovuti moja moja. Zikiikuta nzuri zinakwenda kuwaambia nyingine. Mwisho habari inafika kwa mtu.

— Mtu gani?

— Yeyote mwenye mtoto. Ndiyo maana wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Shule ya Mwalimu sasa inaelea. Iko juu huko, — akaonyesha ukungu kwa spana, — inapita kichwani kwetu sasa hivi. Kwa hiyo imeundwa. Kwa hiyo ipo.

— Na bweni?

— Na bweni lake.

Hapo kila mtu akapuliza kahawa yake. Bweni la Lyangwa walikuwa wanalijua wote. Kuta zilifika kwenye linta zikasimama hapo bila paa, mvua ya tatu sasa inazipiga, na ndani ya chumba kikubwa umeota mchicha ambao jirani mmoja huuchuma bila kuomba. Wasichana wanaotoka mbali hupanga vyumba mjini. Kati ya kumi na mmoja wa mwaka uliopita, watatu hawakurudi baada ya Pasaka. Kwa nini hawakurudi, benchi zima linajua, na benchi hilo linaloongea kila kitu halikuwahi kuliongea hilo.

— Mwonyeshe Bibi hivyo vitanda, — alisema Injinia. — Anatuhukumu na hajaviona.

Simu haikuweza kumwendea, maana ingepoteza mtandao, ikabidi Bibi Fransiska ndiye aje. Alikausha mikono kwenye kanga, akainama juu ya bega la Cleophas. Picha ikafunguka polepole kutoka juu, kama pazia linaloshuka. Kwanza dari, kisha ukuta wa rangi ya maziwa, kisha vitanda saba kwa mstari, mashuka meupe yamekunjwa pembe, na juu ya kila mto taulo moja. Mwisho wa chumba palikuwa na dirisha kubwa. Mwanga uliingia hapo kwa wingi mpaka kitanda cha mwisho kikaonekana kama kimenyanyuka sakafuni, kinangoja mtu akishike kisipae.

— Nani anafua hayo mashuka? — aliuliza Bibi Fransiska.

— Hakuna, Bibi. Ni picha tu.

— Hakuna shuka jeupe lisilo na mfuaji.

Akaendelea kutazama. Alisoma mpaka darasa la nne, akatolewa kwenda kulea wadogo zake, na tangu hapo hajapata kutazama jambo lolote la shule kwa muda mrefu namna hiyo.

— Hicho cha dirishani kina baridi, — alisema mwishowe. — Upepo wa huku wewe unaujua. Mtoto atashikwa na kifua. Wekeni pazia zito.

— Bibi, hicho kitanda hakipo.

— Nimesema wekeni pazia.

Ndivyo walivyoingia ndani, mmoja mmoja, bila kubisha hodi. Aliyefuata ni Injinia. Alisema pazia si kitu, yeye angepitisha bomba la maji ya moto chini ya vitanda vyote saba, jiko likiwa nje, na asubuhi wasichana wangekanyaga sakafu yenye vuguvugu kama mgongo wa ng'ombe. Balozi akasema mlango utazame mashariki, na kengele iwe ya shaba, ipigwe mara tatu tu, maana ya nne humwamsha mtu kwa hasira. Bibi Fransiska akasema kuwe na sanduku la kila mmoja na kufuli lake. Cleophas naye akasikia sauti yake ikisema kwamba nje ya dirisha atapanda matunda damu yaegemee ukuta, yakiiva yaingie ndani yenyewe, aliye kitandani anyooshe mkono tu.

— Na watakuwa wanasikia mvua, — alisema Cleophas.

— Mvua kwenye bati, — alisema Injinia, — wewe uko kavu.

— Usingizi wa namna hiyo, — alisema Balozi akifumba macho, — hauna bei.

Ukungu ulikuwa umeshuka zaidi. Hata miguu ya mnara sasa haikuonekana, na duka la ng'ambo lilibaki mlango mtupu unaoning'inia hewani. Alipita mtu na ng'ombe wawili, kwato zikasikika, ng'ombe hawakuonekana.

— Nitawaambia jambo, msicheke, — alisema Balozi. — Juzi niliota nimelala kwenye kile cha tatu.

— Cha wasichana? — aliuliza Bibi Fransiska.

— Nilikuwa mtoto, Bibi. Blanketi lilikuwa na jina langu limeshonwa kwa uzi mwekundu. Nikawaza nilipoamka: kama mimi nimeota, na Injinia ameingia mara kumi na nane, na wale tisa wameona, basi pale ni mahali tayari. Ndoto za watu zikikutana penye kitanda kimoja, kitanda kinapata miguu.

— Tena mimi naongeza, — alisema Injinia, na sauti yake ilikuwa imepata mbawa. — Kwa nini tuhangaike na mabati? Mwanafunzi aandikishwe huko huko juu. Mwili unabaki kwao, Laela au Namanyere, anakula ugali wa mama yake. Usiku anafungua simu, anachagua kitanda, analala Lyangwa. Asubuhi ameamka ana nidhamu. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Vile vitanda hajawahi kulala mtu, kwa hiyo havina kunguni.

— Hiyo methali inasema kinyume.

— Methali ni kama baiskeli, Bibi. Inakwenda anakotaka aliyepanda.

— Wahunzi wa Ufipa, — alisema Balozi akiwa bado amefumba macho, — walisimamisha tanuru refu kuliko mtu, la udongo mtupu, porini huko, na chuma kikatoka. Nani aliwafundisha uinjinia? Waliota, wakatengeneza.

— Walichimba, — alisema Bibi Fransiska. — Walikata miti, wakachoma mkaa, wakabeba mawe kichwani. Hawakukaa kwenye benchi. Na mnaponiambia shule inatangazwa angani, mimi najua chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sasa hii yenu imetembea siku nne.

Injinia alicheka, kisha akanyoosha mkono.

— Lete simu, Mwalimu. Nikuondolee hivyo vitanda mimi, tumalize ubishi. Hilo pipa la taka umelibonyeza vizuri lakini? Ukakaza kidole?

— Nimelibonyeza. Inakataa.

— Nijaribu mimi.

— Nimesema inakataa, Fabiani.

Alimwita kwa jina lake. Injinia akaurudisha mkono taratibu, akamtazama Balozi, Balozi akatazama kikombe.

Ukweli Cleophas aliujua peke yake. Ijumaa, ndiyo, jina la shule lilikimbia kweli. Lakini Jumamosi alipata njia. Alikaa hapa hapa, benchi likiwa tupu, akakaza kidole juu ya ile picha mpaka simu ikamwuliza kwa Kiswahili safi: Una uhakika unataka kuondoa? Chini yake majibu mawili, Ndiyo na Hapana. Akatazama vitanda. Cha kwanza akamlaza Edith, aliyekuwa anaandika kwa mkono wa kushoto. Cha pili akamlaza Margareth. Cha mwisho, cha dirishani, akamlaza Victoria, mwenye kucheka kabla ya kujibu swali, ambaye mara ya mwisho alimwona sokoni akiuza vitumbua, na tumbo lake limetangulia. Wale watatu wasiorudi, wote wakalala. Mashuka yakatulia. Akabonyeza Hapana.

Jumapili akarudia, akabonyeza Hapana. Jana vilevile. Watu hufikiri udanganyifu unahitaji maneno mengi. Wa Cleophas ulikuwa neno moja, tena la kukataa.

— Bibi, niongezee, — alisema akinyoosha kikombe, ili mkono upate kazi.

Pikipiki ilisikika kabla haijaonekana. Kilichotangulia kutoka kwenye ukungu kilikuwa godoro. Lilikuja hewani, la buluu lenye maua meupe, limekunjwa na kufungwa kamba ya katani, na ilichukua muda macho kuona kwamba chini yake kuna bodaboda, na nyuma yake mwanamke amelikumbatia kwa mikono miwili. Bodaboda ilisimama mbele ya benchi. Mwanamke akashuka. Alikuwa amevaa mabuti ya mvua na vitenge viwili kimoja juu ya kingine, na alitetemeka kama wanavyotetemeka watu wa bondeni wakipandishwa huku juu.

— Shikamooni wazee. Shikamoo mama.

— Marahaba, — walijibu. Bibi Fransiska alikuwa tayari anammiminia kahawa. — Kunywa kwanza, unakufa.

— Asante, mama. Natafuta Shule ya Lyangwa. — Akatoa simu kwenye kifua cha nguo, akaitazama, akalitazama benchi. — Simu inaniambia nimeshafika.

— Shule iko kule, — alisema Injinia, — ukivuka korongo. Hapa ni kijiwe.

— Inasema hapa. Tazama, baba, ile alama nyekundu.

Injinia akatazama. Akamgeukia Cleophas, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo akaongea polepole.

— Mwalimu, siku unaweka ile ramani, ulikuwa umekaa wapi?

— Hapa, — alisema Cleophas.

— Wewe ndiye Mwalimu Cleophas! — Mwanamke alifurahi mpaka akaacha kutetemeka. — Kwenye picha umevaa tai, ndiyo maana. Mungu ni mwema, sikutegemea kukupata njiani. Mimi naitwa Avelina, natoka Muze, kule bondeni. Kaka yangu yuko Mbeya, ndiye aliyeiona shule yenu kwenye simu, akanitumia. Nimeondoka jana kwenye lori la mpunga. Pale kwenye mlima wa Lyamba lya Mfipa tumesukuma, tumelala njiani, tumesukuma tena. Lakini nimefika.

— Pole na safari, — alisema Cleophas.

— Imeshaisha, mwalimu. Binti yangu ni Kalista. Amefaulu, ana akili, anasumbua kwa maswali. Dada yake tulimsomesha hapa mjini shule nyingine, tukampangia chumba. Akarudi na mtoto mgongoni. — Alilisema kama mtu anayetaja hali ya barabara. — Huyu nimesema hapangi. Huyu atalala penye mlango unaofungwa na mwalimu. Baba yake akasema hakuna shule ya namna hiyo tutakayoiweza. Ndipo ikaja ile picha.

Injinia aliokota spana chini, akaanza kukaza nati ambayo ilikuwa imekazwa tangu jana.

— Ile picha ameitazama kila siku, — aliendelea Avelina. — Simu ikizima chaji anakwenda kuiomba ya jirani. Yeye atakuja Januari shule ikifunguliwa, amalize kwanza kusaidia palizi. Mimi nimetangulia na godoro. Si unajua foleni ya bombani, mwalimu? Ndoo yako ikishakaa pale, hata ukienda kupika, nafasi ni yako. Nikasema nikiweka godoro, hakuna wa kumtoa.

— Umefanya vema, — alisema Balozi, na mara akaonekana kujuta kusema.

— Sasa naomba niulize kitu kimoja tu, maana ndicho alichonituma, na nisiporudi na jibu hatanipa raha. — Akamgeuzia Cleophas kioo cha simu yake. Kilikuwa na ufa, na ufa ulipita katikati ya chumba cheupe ukaishia kwenye mto wa kitanda. — Hiki cha dirishani kimeshachukuliwa?

Injinia alisogea, akamnong'oneza Cleophas sikioni, pumzi yake ya moto imejaa kahawa:

— Sema hakijachukuliwa. Si uongo, Mwalimu. Hakijachukuliwa na mtu.

Ilikuwa kweli. Hakikuwa kimechukuliwa na mtu yeyote, wala kisingechukuliwa. Angesema neno hilo moja, na majina yangekuwa kumi na nane, na godoro la buluu lingekwenda kulala kwenye stoo ya majembe likingoja Januari. Januari angekuja mtoto mwenye maswali. Cleophas alifungua mdomo. Miaka thelathini, kila alipokwama darasani alikuwa na njia yake: husema swali zuri, nani atajibu, kisha hutazama darasa. Akatazama. Balozi alikuwa anasoma matope kwenye viatu vyake. Injinia aliinamia nati. Bibi Fransiska aliinamisha birika juu ya kikombe cha mgeni, likatoa tone moja, na la pili halikuja. Hakuna mkono ulionyooshwa.

Manyunyu yakaanza. Dereva wa bodaboda, asiyejua lolote, alikuwa amekwisha fungua kamba.

— Mama, hili niliweke wapi? Linalowa.

Bibi Fransiska ndiye aliyezungumza, na hakuzungumza na mgeni.

— Inukeni, — aliwaambia wanaume. — Hamsikii? Linalowa.

Juu ya benchi yapo mabati mawili yaliyopigiliwa kwenye nguzo za mlingoti, na hapo ndipo pakavu pekee. Wakainuka. Simu ya Cleophas ikapoteza mtandao, chumba cheupe kikaganda nusu. Dereva akalikunjua godoro juu ya benchi, likaenea vizuri toka mwisho hadi mwisho, kana kwamba lilipimwa. Wanaume watatu wakasimama nje kwenye manyunyu, vikombe vitupu mkononi. Avelina akalipangusa matone kwa ncha ya kitenge, akalipigapiga pale kichwa kinapokaa, kisha akamgeukia tena Cleophas, akingoja bila haraka, kama anavyongoja mtu aliyeuliza jambo dogo.